Je, Wajua? Fanusi Inayokunjwa Kama Kodiani

Aliyewahi kumtazama mpiga kodiani wa taarabu kule Unguja akivuta na kubana chombo chake amekwisha kuona nusu ya siri ya fanusi ya karatasi ya Japani. Ishike juu na chini uivute: inafumka, inakuwa boga, yai, au gogo refu kuliko mtoto wa darasa la kwanza. Ibane: inalala bapa kama sinia. Wajapani huiita chochini, yaani taa ya kuning'inia mkononi. Mbavu zake ni mwanzi, ngozi yake ni karatasi, na moyo wake kwa karne kadhaa ulikuwa mshumaa.

Nilipoanza kuzifuatilia fanusi hizi nilidhani nitaandika habari za pambo. Nimeishia kuandika habari za kitu ambacho karibu kila sehemu yake imepangwa iondoke. Kalibu huondoka, mshumaa huondoka, fanusi yenyewe hujikunja ikapotea mfukoni. Haya ndiyo niliyoyaokota njiani.

Nguzo zinazotolewa nyumba ikiisha

Je, wajua kwamba fundi wa fanusi hujenga juu ya kalibu iliyo kubwa kuliko mlango itakaotokea?

Kalibu hiyo ni ya mbao. Vipande bapa vilivyokatwa kwa umbo la mwezi mwandamo husimamishwa wima kuzunguka visahani viwili, kimoja juu na kimoja chini, mpaka vinafanana na chungwa lililomenywa huku pande zake zimeachana kidogo. Ukingo wa nje wa kila kipande umechongwa mapengo madogo kama meno ya msumeno, na humo ndimo ufito wa mwanzi unamolala. Fundi wa Gifu, mji ulio katikati ya Japani, huuzungusha ufito mfululizo kutoka mdomo wa juu hadi wa chini, kama msukaji wa kawa anavyozungusha ukindu wake. Ufito mmoja ukiisha huungwa na mwingine, safari ikaendelea. Unene wake haufiki milimita 1.

Kisha huja nyuzi zinazoshuka wima, zikikata mizunguko ya mwanzi ili isiachane. Kisha gundi. Kisha karatasi, iliyokatwa vipande virefu vyenye tumbo pana na ncha nyembamba kama dau likitazamwa kutoka juu, kila kipande kikiziba nafasi kati ya ubao na ubao. Kingo mbili zinapokutana, fundi hupitisha wembe na kuacha mwingiliano mwembamba sana, kwa sababu taa ikiwashwa kila uzembe hugeuka kivuli na kila mgeni atauona.

Gundi ikikauka, unafika wakati ninaoupenda kuliko wote. Fundi anaondoa visahani viwili, anaingiza mkono mdomoni mwa fanusi, anaupindua ubao mmoja kwa ndani na kuutoa. Wa pili. Wa tatu. Zikiisha mbao zote, fanusi imebaki imesimama peke yake, tupu, imeshikwa na karatasi na ufito tu. Halafu anailowesha kidogo na kuikunja, mkunjo kwa mkunjo, kati ya ubavu na ubavu. Mkunjo wa kwanza ndio utakaofuatwa na mikunjo yote ya maisha ya fanusi hiyo. Ukienda kombo leo, utaendelea kwenda kombo hata baada ya miaka mitano.

Kyoto wana njia nyingine. Kule kila ubavu ni pete inayojitegemea: ufito hukatwa kwa kipimo chake, ncha zikaunganishwa, kisha pete hupangwa moja moja juu ya kalibu na kufungwa kwa uzi. Ni kazi ndefu, lakini pete moja ikivunjika, jirani zake zinabaki mahali pake. Ndiyo maana fanusi za namna hii hutundikwa nje ya mahekalu na maduka, mvua na upepo vikizipiga. Huko Mito, kaskazini-mashariki ya Tokyo, pete hufungwa vivyo hivyo, na miongoni mwa walioikuza kazi hiyo zama za Edo, kati ya 1603 na 1868, walikuwa samurai wa ngazi za chini ambao posho yao haikutosha. Watu waliofunzwa upanga tangu utotoni waliketi nyumbani wakifunga pete za mwanzi ili jiko liwake.

Taa ya mfukoni kabla ya tochi

Je, wajua kwamba kulikuwa na fanusi iliyoingia ndani ya vifuniko vyake yenyewe?

Mji wa Odawara ulikuwa kituo cha mwisho kabla ya milima ya Hakone kwa msafiri anayetoka Edo, ambayo leo ni Tokyo, kwenda Kyoto. Njia ilikuwa ya mawe, ukungu mzito, usiku wa giza. Fundi mmoja wa hapo, Jinzaemon, ndiye anayetajwa kuwa mbunifu wa fanusi ya Odawara mnamo karne ya 18. Ni nyembamba kama bomba, vifuniko vyake vya juu na chini vina upana sawa na mwili, na ukiibana mwili wote hutumbukia katikati ya vifuniko. Msafiri aliichomeka kifuani au kiunoni mwa vazi lake akaenda zake.

Jinzaemon aliwaza pia juu ya unyevu. Mbavu za fanusi yake hazikuwa za mviringo kama sindano. Alizifanya bapa, karatasi ikapata uso mpana wa kushikana nao, na ukungu wa Hakone haukuibandua kwa urahisi. Tena, mbao za vifuniko zilitoka kwenye miti ya hekalu la Saijoji, lililo milimani karibu na hapo, na wasafiri waliamini kwamba mti wa hekaluni huwafukuza mapepo wa njiani. Sioni kwa nini jambo hili la mwisho lisihesabiwe kama ufundi. Anayepita mlimani peke yake saa nane za usiku anahitaji kuona njia, na anahitaji pia moyo wa kuipita.

Walinzi na wazima moto wa mijini walibeba ya aina nyingine, iliyotegwa ndani ya upinde wa mwanzi unaoivuta juu na chini. Hata ukikimbia nayo, haiyumbi wala haijikunji.

Ndugu wa mfenesi

Je, wajua kwamba karatasi ya fanusi na nguo ya gome ya Waganda ni watoto wa ukoo mmoja?

Karatasi hii, washi, hutokana hasa na gome la kozo, mti wa jamii ya mforosadi. Ukoo wa mforosadi ni mpana, na sisi tunaishi nao bila kuwaza. Mfenesi umo. Mshelisheli umo. Mkuyu na mtini imo. Na umo mutuba, mti ambao mafundi wa Buganda huuchuna gome, hulikwangua, hulipasha moto, kisha hulifua kwa nyundo za mbao mpaka linatandazika kuwa nguo. UNESCO iliitambua sanaa ya nguo ya gome ya Uganda mwaka 2005, na mwaka 2014 ikaandikisha ufundi wa washi kutoka sehemu tatu za Japani, Mino ikiwa mojawapo. Waganda walilipiga gome likawa vazi la wafalme na la kuzikia. Wajapani walilichemsha likawa karatasi ya kuandikia na ngozi ya taa. Miti ya ukoo mmoja iliulizwa maswali mawili na mabara mawili, ikajibu yote.

Jamaa wa karibu kabisa wa kozo, mforosadi wa karatasi, amefika mpaka kwetu. Aliletwa Uganda kwa nia ya kupata malighafi ya karatasi, na leo ni mmea vamizi unaowasumbua watunza misitu, hasa katika msitu wa Mabira, kati ya Kampala na Jinja. Nduguye mkulima wa Kijapani humkata kila mwaka fimbo kwa fimbo, lakini huku kwetu yeye ameachwa bila mkataji.

Kazi ya kulifikisha gome kwenye karatasi ni ya majira ya baridi. Fimbo hukatwa na kisiki kuachwa kichipue tena. Huchomwa kwa mvuke ili gome livuliwe kwa mkono mmoja kama soksi, ganda jeusi hukwanguliwa, na gome jeupe linalobaki hulazwa majini. Kisha huchemshwa kwa majivu au magadi mpaka lilainike. Baada ya hapo watu huinama juu ya maji baridi na kuokota kwa vidole kila chembe ya uchafu, kila kidoa, kila kipande cha ganda kilichojificha. Hakuna mashine inayoifanya kazi hii vizuri kama jicho. Ndipo gome hupondwa mpaka linakuwa nyuzi tupu.

Nyuzi hizo ndiyo siri ya fanusi. Uzi mmoja wa kozo hufikia karibu sentimita 1, wakati nyuzi za mbao zinazotoa karatasi ya daftari ni za milimita chache tu. Nyuzi ndefu hushikana kama vidole vilivyofumbatana, na karatasi inakuwa nyembamba ya kupitisha mwanga, huku ikikubali kukunjwa na kukunjuliwa mara elfu bila kuchanika penye mkunjo. Katika hazina ya kale ya Shosoin mjini Nara zimehifadhiwa orodha za watu wa Mino zilizoandikwa mwaka 702 juu ya karatasi ya huko. Karatasi ya Mino baadaye ikawa inateremshwa kwa mto Nagara hadi Gifu, na palipokuwa na karatasi nzuri, mianzi na mto wa kusafirishia, fanusi zikazaliwa.

Ute wa binamu wa bamia

Anayekula mlenda au bamia atalielewa hili kuliko mtaalamu wa kemia. Nyuzi za kozo zikiachwa majini hujikusanya na kuzama. Ili zielee zimeachana, mtengeneza washi huongeza ute unaokamuliwa kwenye mizizi ya mmea uitwao tororo-aoi, ambao kwa mimea ni ndugu wa bamia wa jenasi moja. Ute huo huyafanya maji yawe mazito, yachuje polepole kupitia chekeche la mwanzi, na fundi anapata nafasi ya kulitikisa mbele na nyuma ili nyuzi zisukane. Joto huudhoofisha ute. Kwa hiyo karatasi bora hutengenezwa wakati mikono inauma kwa baridi.

Gundi ya asili ya fanusi nayo ni ya jikoni: wanga wa ngano uliopikwa. Sisi tuliojenga tiara kwa chelewa za mnazi, karatasi ya gazeti na uji wa sima tulikuwa tunafanya kazi ya ukoo huohuo, ingawa yetu ilipaa na yao ikawaka.

Mwanzi uliowasha taa mbili

Je, wajua kwamba mwanzi wa mbavu za fanusi ndio uliowasha taa ya umeme?

Mwanzi unaopendwa na mafundi wa fanusi huitwa madake. Ni mrefu, umenyooka, mafundo yake yamekaa mbalimbali, na hupasuka kufuata urefu wake kuwa fito nyembamba zisizokatika. Sasa, mwaka 1880, Thomas Edison alikuwa anatafuta kitu cha kuwekwa ndani ya balbu yake. Nyuzi za pamba alizozichoma zikawa makaa hazikuwaka kwa muda wa kutosha. Akajaribu mimea ya kila namna, akatuma watu wazunguke dunia, na mmoja wao akarudi na madake ya Yawata, karibu na Kyoto. Uzi wa mwanzi huo, ukichomwa ukawa kaboni, uliwaka zaidi ya saa 1,000. Kwa miaka kadhaa balbu za Edison zilibeba ndani yake mwanzi wa Kijapani, na katika eneo la hekalu la Iwashimizu Hachimangu huko Yawata kuna mnara wa kumkumbuka.

Mimi hili huniingia moyoni. Mwanzi ulioulinda mshumaa usizimwe na upepo ndio uliotoa uzi wa taa iliyoufanya mshumaa usihitajike tena.

Na madake yenyewe ina saa yake: huchanua mara moja tu kila baada ya miaka 120 hivi, kisha hufa. Mara ya mwisho ilikuwa miaka ya 1960, na mashamba mengi ya mianzi ya Japani yalikauka kwa pamoja.

Herufi zinazochorwa

Mwandishi wa hati za Kijapani hushusha brashi mara moja na harudii mstari. Mwandishi wa fanusi hawezi. Uso wake una migongo na mabonde kama bati la paa, nao umejikunja kila upande. Kwa hiyo huchora kwanza mipaka ya herufi, kisha huijaza wino polepole, akiigeuza fanusi mapajani. Herufi hufanywa nene, zimejaa, ili zisomeke toka mbali na usiku. Mwishoni fanusi ya nje hupakwa mafuta ya mbegu ili mvua iteleze. Jina la duka, nembo ya ukoo, tangazo la hekalu: katika mji wa zama za Edo ungeweza kujua nani anakuja kabla hujauona uso wake.

Fanusi ya kilo 700

Je, wajua kwamba fanusi mashuhuri kuliko zote Japani hukunjwa kama zile za mfukoni?

Anayefika Asakusa, Tokyo, hupita chini ya fanusi nyekundu yenye kimo cha mita 3.9, kipenyo cha mita 3.3 na uzito wa kilo 700 hivi. Imetundikwa katika Kaminarimon, Lango la Ngurumo, mbele ya hekalu la Sensoji. Lango la awali liliteketea mwaka 1865, na mahali pale pakakaa miaka 95 bila lango la kudumu. Aliyelijenga upya mwaka 1960 alikuwa Konosuke Matsushita, mwanzilishi wa kampuni ambayo leo dunia inaijua kwa jina la Panasonic. Alikuwa akisumbuliwa na maumivu ya viungo, kuhani wa Sensoji akamwombea, akapona. Alitoa lango na fanusi yake kuwa shukrani. Kampuni ilibadili jina mwaka 2008, lakini chini ya fanusi bado pameandikwa Matsushita Denki, jina la zamani.

Wageni wengi hupiga picha ya mbele na kwenda zao. Afadhali usimame katikati ya lango, uinue macho: chini ya fanusi kuna joka la kuchongwa kwa mbao, limejikunja ndani ya duara. Na ukifika mwezi Mei wakati wa tamasha la Sanja utaikuta imebanwa juu kabisa, ili vihekalu vinavyobebwa mabegani vipite. Hubanwa pia tufani inapokaribia. Kilo 700, na bado inakubali kukunjwa.

Lakini lililonishika zaidi ni umri wake. Fanusi hii hubadilishwa kila baada ya miaka kumi hivi. Iliyopo ilitundikwa mwaka 2020, ikiwa imetengenezwa Kyoto katika karakana ya Takahashi, iliyoanza kazi mwaka 1730. Ingetengenezwa kwa plastiki ingekaa miaka thelathini, na baada ya miaka thelathini asingebaki mtu anayekumbuka jinsi ya kuipanga ile karatasi. Kwa kuwa inachakaa, kijana aliyeshika gundi mara ya kwanza anaishika tena akiwa fundi, na mara ya tatu akiwa mwalimu. Naamini hekalu linajua linachokifanya.

Chawa, baa na samaki

Kijapani kimejaa fanusi hata palipo na umeme. Mtu anayetembea mbele ya mkubwa akimsifu huitwa mshika fanusi, kwa maana watumishi wa zamani walitangulia usiku kumulikia bwana njia. Tanzania ya leo ingemwita chawa. Makala ya gazeti iliyoandikwa kumpamba mtu ni makala ya fanusi. Ukisema unakwenda kwenye fanusi nyekundu, wenzako wanajua unakwenda kula mishikaki na kunywa kwa bei nafuu, kwani baa hizo hutundika fanusi nyekundu mlangoni. Wachumba wasiolingana husemwa kuwa ni fanusi na kengele ya hekalu: umbo ni moja, lakini mmoja ni karatasi na mwingine ni shaba ya tani kadhaa. Na yuko samaki wa kina kirefu cha bahari, mwenye kijiti kichwani kinachowaka kwa bakteria ili kuvuta windo. Wajapani walipompa jina, hawakutafuta mbali: samaki-fanusi.

Fanusi yenye ulimi

Wajapani wa kale walisema chombo kikitumika miaka mia hupata roho. Miongoni mwa vioja vyao maarufu ni fanusi kuukuu iliyochanika katikati, mpasuko ukawa mdomo, ulimi mrefu ukaning'inia nje. Mwaka 1825 tamthilia ya Tsuruya Nanboku wa Nne kuhusu Oiwa, mke aliyesalitiwa na mumewe akafa, ilipoonyeshwa kwenye jukwaa la kabuki, watazamaji walikuja kuzoea kuona mzimu wake ukichomoza kutoka fanusi inayoungua. Miaka michache baadaye mchoraji Hokusai alichora uso wa Oiwa na fanusi vikiwa kitu kimoja: mpasuko wa karatasi ndio mdomo, mikunjo ndiyo mashavu. Nimeitazama picha hiyo mara nyingi. Inaogofya kwa sababu fanusi iliyochakaa kweli inafanana na uso wa mgonjwa.

Shuke la mpunga la mita 12

Je, wajua kwamba kuna watu wanaobeba fanusi 46 kwenye paji la uso?

Kuanzia tarehe 3 hadi 6 Agosti, mjini Akita kaskazini mwa Japani, wanaume husimamisha mianzi yenye urefu wa hadi mita 12, imefungwa vijiti vya kukingama, na kwenye vijiti hivyo zinaning'inia fanusi 46 zenye mishumaa inayowaka. Uzito wote ni kilo 50 hivi. Mwanzi huwekwa juu ya kiganja, ukahamishiwa begani, kwenye paji la uso, kwenye nyonga, huku ukipinda na kuyumba juu ya umati. Fanusi zikiinama pamoja hufanana na shuke la mpunga lililoiva, nayo ni dua ya mavuno. Watoto wana mwanzi wao wa mita 5 na fanusi 24. Mishumaa ikizimika, huwashwa upya, na shuke husimama tena.

Huko Tsushima, mkoa wa Aichi, mashua hubeba kuba la fanusi 365, moja kwa kila siku ya mwaka, na juu ya mlingoti 12 za miezi. Zikiteleza juu ya maji usiku, mwaka mzima unapita mbele yako kwa dakika chache.

Mchongaji aliyepita Gifu

Mwaka 1951 Isamu Noguchi alipita Gifu. Alizaliwa Los Angeles mwaka 1904, baba yake mshairi wa Kijapani, mama yake mwandishi wa Kimarekani, na alikuwa tayari mchongaji anayejulikana. Safari yake ilikuwa ya Hiroshima. Gifu alitazama wavuvi wa mto Nagara wanaovua kwa ndege aina ya mnandi chini ya mwanga wa moto, na meya wa mji akamwomba aifikirie biashara ya fanusi, iliyokuwa inafifia baada ya vita.

Noguchi alikwenda kwenye karakana ya Ozeki, iliyokuwapo tangu 1891, akawataka mafundi wafanye yaleyale waliyoyazoea, kwa maumbo ambayo hawajawahi kuyaona. Akatoa mshumaa, akaweka balbu. Aliziita Akari, neno lenye maana ya mwanga, na yeye alipenda lieleweke pia kama wepesi. Mwaka 1986, alipoiwakilisha Marekani kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice, alipeleka fanusi za karatasi miongoni mwa kazi zake. Zile taa za mviringo za karatasi nyeupe unazoziona leo katika nyumba za vijana kuanzia Nairobi hadi Berlin ni wajukuu wa safari ile, wengi wao wakiwa hawamjui babu. Akari zenyewe bado zinatengenezwa Gifu kwa mkono, na bado husafirishwa zimekunjwa, bapa, ndani ya boksi.

Siku ambayo wafu hurudi

Katikati ya Agosti, na sehemu nyingine Julai, familia za Kijapani huadhimisha Obon. Roho za waliotangulia hurudi nyumbani kwa siku chache, na fanusi hutundikwa ili zisipotee njia. Hizi ndizo siku za fanusi za Gifu, zenye umbo la yai na karatasi nyembamba iliyochorwa maua ya vuli. Kwa kalenda ya zamani Obon iliangukia mwanzo wa vuli, ndiyo maana wachoraji wa Gifu hupenda maua ya msimu huo.

Madhabahuni huwekwa pia hozuki, tunda la rangi ya chungwa lililojifunika ganda kama karatasi. Binamu yake huliwa kwetu, Uganda humwita entuntunu. Jina la hozuki huandikwa kwa alama mbili, ya pepo na ya taa, na huaminika kuwamulikia wafu kama fanusi ndogo. Siku za kuagana zikifika, sehemu nyingi watu huachia taa za karatasi zielee mtoni ziwasindikize. Hiroshima hufanya hivyo kila tarehe 6 Agosti, kuwakumbuka waliouawa na bomu la atomiki, majina na maombi yakiandikwa kwenye karatasi.

Familia iliyofiwa karibuni ina fanusi yake. Kwa Obon ya kwanza ya marehemu hutundika fanusi nyeupe tupu, ili roho ambayo bado haijaizoea safari ione nyumba kwa urahisi. Fanusi hiyo haitumiki mwaka wa pili. Fundi wake amezungusha ufito uleule, amepitisha wembe kwa uangalifu uleule, ametoa mbao za kalibu moja moja na kuukunja mkunjo wa kwanza usiende kombo, kwa taa itakayoning'inia siku nne. Obon ikiisha hupelekwa kuchomwa. Karatasi huondoka kwanza, kwa pumzi moja. Mwanzi hubaki kidogo katika moto, mizunguko yake ikionekana yote kutoka juu hadi chini.